Jina la Baba, Sura ya Mtu Mwingine

Jumatatu, 28 Julai

Maji hayajatoka. Siku ya tatu. Nimepima presha za watu sita barazani kabla ya chai. Ya Bi Esha, jirani yangu, imepanda tena. Anakula chumvi kwa siri na anadhani sijui. Nimemwambia. Kanuna.

Saa nne akaja Rajabu Mfaume, mwenyekiti wa klabu ya mpira ya Nyangumi. Suruali imenyooka kwa pasi, simu mbili mkononi. Shikamoo Sista, marahaba. Hajakaa sawasawa kwenye kiti, akaanza. Klabu inatimiza miaka hamsini. Tarehe ishirini na tatu mwezi ujao kutakuwa na sherehe uwanjani. Wanatengeneza fulana, kofia, kalenda na vikombe vya chai, vyote vina sura za waasisi saba. Wa kwanza marehemu baba yake, Mzee Mfaume, aliyekuwa katibu. Wa nne marehemu baba yangu, Issa, golikipa, ambaye Lindi nzima ilimwita Ndoano. Anaomba picha.

Nilimwangalia. Nilidhani anatania.

Baba yangu walimfukuza. Naandika hapa ili nitulie. Nimefanya uuguzi miaka thelathini na nne na nimezoea ripoti ya zamu: nini kimetokea, nani alikuwepo. Haya. Walipoteza fainali kwa timu ya Mtwara, goli moja, mpira ukapita mikononi mwa baba. Wakasema ameuza mechi. Ushahidi wao: gunia la mchele nyumbani kwetu. Ilikuwa miaka ile ya foleni, mchele hauonekani, sabuni haionekani. Gunia lile alilileta mjomba kutoka Rufiji kwa ajili ya arobaini ya bibi. Watu walikuja wakala, wakanawa mikono, wakaenda kumwita mwizi. Walimvua jezi mbele ya watu. Wakamtungia wimbo. Barua ya kumfukuza aliiandika katibu. Mfaume. Baba wa huyu aliyekaa kwenye kiti changu anakunywa chai yangu.

Baba alihamia Milola, akalima korosho. Hakukanyaga tena uwanja. Huu mwaka wa tisa tangu afariki. Kwenye mazishi hakuja mtu hata mmoja wa klabu.

Leo wanataka sura yake waichape kwenye vikombe.

Nikamwambia Rajabu: "Leteni kwanza barua. Iseme hakuuza mechi. Picha nitawapa siku hiyohiyo."

Akasema atalifikisha kwenye kamati. Chai hakumaliza.

Jumanne, 29 Julai

Presha yangu mwenyewe sijapima. Sitaki kujua.

Ninazo picha mbili za baba. Moja kavaa kanzu, harusi ya mdogo wangu Hashimu. Nyingine yuko golini, kadaka mpira kwa mkono mmoja, vidole vimekunjika. Ndiko lilikotoka jina la Ndoano. Nimeitoa kwenye bahasha, nimeirudisha. Nimefunga kabati kwa ufunguo, kama vile Rajabu ataingia kwa dirisha.

Jumamosi, 2 Agosti

Rajabu kapiga simu. Maneno matamu, mengi. Kamati inathamini sana mchango wa Mzee Ndoano. Kamati inaona mambo ya zamani yabaki huko huko. Kuwekwa kwenye fulana ni heshima tosha.

Nikauliza, na barua?

Akasema: "Sista, nikiandika barua hiyo nitakuwa natangaza kwamba marehemu baba yangu alikuwa mwongo."

Angalau hilo kalisema kweli. Nikamjibu kwamba mimi nimeishi miaka arobaini na kitu nikiambiwa marehemu baba yangu alikuwa mwizi, na sikufa. Nikakata simu.

Nimechambua sinia zima la mbaazi bila kuona ninachokichambua. Ikabidi nirudie.

Picha hawapati. Basi.

Jumatatu, 4 Agosti

Maji yametoka alfajiri. Nimefua, nimejaza madumu yote. Mama mmoja kapita na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, nimenunua fungu, nimekula peke yangu barazani. Mtaa mzima umebandikwa karatasi za sherehe. Kwenye ukuta wa duka, kwenye nguzo ya umeme, hata kwenye geti langu. Ya geti langu nimeibandua.

Alhamisi, 7 Agosti

Bi Esha kaja mbio, furaha tele, kaficha kitu ndani ya kanga. Kikombe. Kaninunulia zawadi. Alidhani nitafurahi, maskini.

Maandishi ya bluu: ISSA NDOANO, MWASISI. Chini yake sura.

Si baba.

Mtu mwembamba, masikio makubwa, mwanya kwenye meno ya mbele. Baba hakuwa na mwanya. Baba alikuwa na uso mpana kama wangu. Huyu simjui. Nimewanyima picha, wakachukua picha ya zamani ya timu, wakakata kichwa chochote kilichosimama karibu na goli, wakaandika jina la baba yangu chini yake. Hawakuuliza hata mzee mmoja. Hawajui hata sura ya mtu wanayemwita shujaa.

Bi Esha kageuza kikombe huku na huku. "Labda mashine imekosea, Somoe."

Mashine!

Nilicheka. Kicheko kibaya, nilikisikia mwenyewe. Bi Esha akaaga.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Kila mwaka wauguzi wastaafu tunakaa kwenye banda la afya pale Ngongo, viwanja vya maonyesho ya wakulima, tunapima watu bure. Nilikwenda kwa hilo tu. Naapa nilikwenda kwa hilo tu.

Meza ya Nyangumi ilikuwa hatua ishirini kutoka kwetu, karibu na banda la miche ya mikorosho. Mhazini wao kashika kipaza sauti. Asubuhi nzima: njooni mjipatie kikombe cha Ndoano, shujaa aliyefia klabu yake! Shujaa aliyefia klabu yake! Mara ya kwanza nilivumilia. Mara ya kumi nikavua glavu.

Nikamwendea. Nikamwambia baba yangu hakufia klabu. Alikufa kwa figo, Milola, na mimi nilikuwepo. Klabu mlimfukuza. Na huyu mliyemchapa si yeye.

Akacheka kidogo, akashusha kipaza sauti. "Sista, hayo ni matangazo tu. Usiyachukulie hivyo."

Nilishika kitambaa cha meza kwa mikono miwili, nikavuta.

Vikombe vyote vilishuka pamoja. Sauti yake siwezi kuiandika. Mimi nimebaki na kitambaa mkononi. Mtu akasema nyuma yangu, Sista kachanganyikiwa. Nikakikunja kitambaa vizuri, nikamkabidhi mhazini. Nikarudi bandani, nikapima watu kumi na moja.

Sijutii. Nimejaribu kujuta tangu magharibi, haiji.

Jumapili, 10 Agosti

Nimekipiga picha kikombe, nikamtumia Hashimu kwa simu. Yeye ndiye anayeishi kwenye shamba la baba Milola. Wiki hii anapuliza salfa kwenye mikorosho, simu anaishika jioni tu. Kajibu: "Huyo Chande. Golikipa wa akiba enzi za baba. Yupo kijijini Sudi, mzima."

Halafu: "Dada, achana nao."

Sikumjibu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeitwa ofisi ya mtaa. Klabu imenishtaki kwa kuharibu mali. Rajabu, mhazini, mimi, na mtendaji, Mwanaidi, binti ambaye mimi ndiye niliyemzalisha mama yake. Aliniamkia kwa aibu.

Wanataka niombe radhi. Kwa maandishi! Mhazini kasema hivyo bila kupepesa macho. Kwa maandishi na sahihi, ndani ya siku saba. Nikawauliza kama wanasikia wanachosema. Vikombe vyao vimesubiri siku tatu, vimepata kikao. Baba yangu amesubiri mpaka akaingia kaburini.

Mwanaidi alitaka kujua kama klabu ina ushahidi wa ile habari ya kuuza mechi. Rajabu kasema ipo barua kwenye daftari la klabu. Barua ya baba yake. Huo ndio ushahidi: baba yake aliandika.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Sista, una shahidi kwamba hakuuza?"

Mama kafariki, mjomba kafariki, waliokula arobaini ile wengi wamefariki. Kwenye mkoba nilikuwa na kikombe cha Bi Esha. Nikakiweka mezani. Nikasema huyu si baba yangu, anaitwa Chande, alikuwa golikipa wa pili, yuko hai, na kama kuna anayejua ni huyu.

Rajabu akakichukua kikombe. Alikitazama muda mrefu. Nilimwona anatambua kosa lao. Sikumhurumia.

Mwanaidi katupa wiki mbili tupatane wenyewe.

Jumatano, 13 Agosti

Sudi. Nimerudi sasa hivi, sijavua hata viatu. Niandike kabla sijasahau, ingawa nasahauje.

Basi la Mtwara mpaka njia panda, kisha bodaboda, vumbi mpaka kooni. Nyumba ya Mzee Chande niliipata kwa kuuliza mara moja. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba nje ya mlango, mjukuu wake Salma, msichana mkubwa, anapaa samaki pembeni. Masikio yaleyale. Meno hamna tena.

Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Sikusema mimi ni nani. Nikampa kikombe.

Alifurahi! Alikisogeza machoni, akakiweka mbali, akakisogeza tena. "Salma! Ni mimi huyu! Ona nilivyokuwa kijana." Alikionyesha kwa bibi mmoja aliyekuwa anapita. Akaniuliza nani kamkumbuka, ni klabu? Maandishi hayaoni. Akaniomba nimsomee.

Nikamsomea. Issa Ndoano, mwasisi.

Akakiweka kikombe chini, taratibu, kwenye mchanga.

"Wewe ni Somoe," akasema. "Una uso wake."

Nikamwambia asimulie. Sikumwomba. Nilimwambia.

Kasimulia akitazama chini. Siku mbili kabla ya fainali, mazoezini, mpira ulimvunja baba kidole cha pete, mkono wa kulia. Baba alimficha kila mtu, maana angejulikana angekaa nje, na fainali ile aliisubiri tangu timu ianzishwe. Aliyekifunga kidole ni Chande mwenyewe. Kipande cha kanga na kijiti cha mwanzi. Asubuhi ya mechi akakifunga upya, baba kauma kola ya shati. Chande alijua kidole kimevunjika. Alijua kwa nini mpira ulipita.

Kidole kile nakijua. Kilipinda mpaka kufa kwake. Nilimwuliza nikiwa chuoni, kasema jembe.

Baada ya mechi, kwa kinyozi, watu wana uchungu, wanatukana. Chande akasema: "Kwa Ndoano kuna gunia la mchele." Maneno hayo tu. Anadai alikuwa anatania. Kufikia isha mji mzima unalo. Kesho yake katibu Mfaume akamwita, akamwuliza, umeliona gunia? Akasema nimeliona. Limetoka wapi? Akasema sijui.

Nikamwuliza: "Ulijua?"

"Nilijua, mwanangu. Arobaini ya bibi yako nilikula. Nilikaa sinia moja na baba yako."

Nilisimama. Sikumbuki kusimama. Salma alikuwa ameniletea dafu, nililiacha hapo hapo. Nikamwuliza kwa nini. Akasema alikuwa amekaa benchi miaka sita. Kasema hivyo tu, kama mtu anayetaja ugonjwa wake. Baada ya baba kufukuzwa alidaka misimu miwili, kisha goti likamtupa, akarudi Sudi kwao.

Miaka sita ya benchi. Kwa ajili ya hilo.

Nikamwambia tarehe ishirini na tatu aje Lindi aseme mbele ya watu. Akaanza kulia. Kasema yeye ni mzee, amebakiza siku chache, watu watamzomea, kwa nini afe na aibu.

"Baba yangu alikufa nayo," nikamwambia. "Na haikuwa yake."

Niliondoka bila kuaga. Kikombe nimekiacha mchangani.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimewakasirikia wote. Chande. Mfaume aliye kaburini. Rajabu. Kinyozi, simjui hata jina. Nimemkasirikia na baba. Kidole! Angeonyesha kidole tu. Aliona aibu kusema alidaka akiwa mgonjwa, akaacha wamwite mwizi. Mungu anisamehe. Nimevunja sahani kwa bahati mbaya na nikafurahi.

Jumatano, 20 Agosti

Hakuna neno kutoka Sudi. Nilimpigia Salma, namba alinipa yule dereva wa bodaboda. Kasema babu halali, hali, wala hasemi. Nikamwambia amnyweshe uji na maji ya kutosha. Uuguzi hauishi hata ukiwa na hasira na mgonjwa.

Nimeamua sherehe siendi.

Jumamosi, 23 Agosti

Saa nane mchana hodi. Chande mlangoni, kanzu nyeupe, kofia, fimbo, Salma kamshika mkono. Wamekuja na basi. Hakusubiri nimwamkie.

"Twende kabla sijaogopa."

Nikachukua mtandio, tukaenda.

Uwanja umejaa. Maturubai, spika kubwa, mgeni rasmi na miwani yake ya jua. Fulana kila mahali, zimechapwa nyuso saba kifuani, na ya nne ni ya huyu mzee niliyemshika mkono. Tulipita katikati ya watu waliovaa sura yake, na hakuna aliyemtambua. Kaniuliza kwa sauti ndogo, "Hawanijui?" Nikamwambia hawakujui. Nadhani hilo lilimuuma kuliko yote niliyomwambia Sudi.

Wakaanza kuita familia za waasisi, kila familia inapewa ngao ya mbao. Ya Mfaume aliipokea Rajabu mwenyewe, vigelegele. Ya pili, ya tatu. Kisha: familia ya Mzee Issa Ndoano! Watu wakapiga makofi. Sikusimama. Chande akasimama.

Alitembea polepole, mpaka makofi yakaisha yenyewe. Mshereheshaji alimpa kipaza sauti akidhani ni ndugu wa marehemu anataka kushukuru.

Kasema: "Sura hii kwenye nguo zenu ni yangu. Jina si langu. Mimi ni Chande."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Akaendelea. Kidole. Kinyozi. Gunia. Arobaini. Hakupamba, hakujitetea. Aliposema "nilijua limetoka wapi, nikasema sijui," mtu wa muziki akafungulia wimbo. Nilimwona Rajabu akienda kwa haraka na nikasema moyoni, haya, sasa atamnyang'anya. Hakumnyang'anya. Alikwenda kwa mtu wa muziki, akamwambia azime.

Chande akamaliza: "Issa hakuuza kitu. Niliuza mimi."

Mzee mmoja kutoka nyuma akapaza sauti: "Na wewe ukadaka misimu miwili!"

"Nilidaka," akasema. Akakaa chini kwenye nyasi, pale pale mbele ya mgeni rasmi.

Wachache walipiga makofi. Wengi hawakujua wafanye nini, wakatazama simu zao. Mama mmoja mzee alilia kwa sauti, simjui. Mshereheshaji akakimbilia familia ya tano.

Nilikwenda nikamwinua. Mapigo yake yalikuwa mabaya, nikamkalisha kivulini, nikamlegeza kola. Nilitegemea kufurahi. Miaka yote hii nilijua nitakavyofurahi. Nilikuwa na hasira tu, mpya kabisa, kwa sababu ilichukua dakika tano. Dakika tano! Angeweza kuzitoa siku yoyote.

Usiku huu wamelala chumba cha wageni. Nimempa uji. Ameshukuru. Sikuitikia, lakini nimempa.

Jumatano, 27 Agosti

Rajabu kaja na barua. Imechapwa, ina muhuri. Nikaisoma mbele yake. "Iwapo kulitokea hali ya kutoelewana baina ya klabu na marehemu..."

Nikaikata kwa kalamu nyekundu kama nasahihisha daftari la mwanafunzi. Nikamwambia hapakuwa na kutoelewana. Nikamsukumia karatasi tupu.

Alikaa kwenye meza yangu ya kulia, kaandika kwa mkono. Alifuta mara mbili. Nilikuwa jikoni, sikumharakisha. Mwisho kaniletea. Mistari mitatu. Klabu inakiri kwamba Issa hakuuza mechi. Klabu ilimwonea. Klabu inafuta barua ya kumfukuza na kuomba radhi kwa familia. Sahihi, muhuri, jina lake lote: Rajabu Mfaume.

Nilipoliona jina la Mfaume chini ya maneno yale, nilikaa.

"Baba yangu hakuitunga habari ile, Sista," akasema. "Aliambiwa, akaamini."

"Huenda," nikamwambia. "Lakini hakuja kuuliza. Tulikaa nyumba nne tu kutoka kwenu."

Kasema fulana zilizobaki wameziondoa, vikombe pia, na habari ya ofisi ya mtaa wameifuta. Nikaenda kabatini, nikampa picha ya golini. Nilisema nitampa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. Kasema hakuwahi kumwona, alizaliwa baba ameshahamia Milola.

Jumapili, 31 Agosti. Milola

Nimefika kwa Hashimu saa tano. Mikorosho imetoa maua, harufu imeingia mpaka ndani. Mke wake kapika ugali wa muhogo na kisamvu. Kabla ya kula nikampa Hashimu barua. Kaisoma amesimama, kisha kaisoma tena amekaa, anafuata mistari kwa kidole.

Akaikunja. Akakaa nayo magotini.

"Dada, mimi niliamini."

Nikamwuliza aliamini nini, ingawa nilisikia.

"Kwamba aliuza. Nilikuwa mdogo, nililiona gunia, nikausikia wimbo. Mama aliposema ni la mjomba, nikadhani anamtetea. Nimelima naye hapa. Nimemwogesha alipougua. Nimemzika. Siku zote nilijua aliuza, na nikasema, ni baba yangu, basi."

Nilisubiri hasira ije. Mwezi mzima nimekuwa nayo, naijua inavyopanda. Haikuja.

Mwaka ule wa fainali nilirudi likizo kutoka chuo cha uuguzi. Arobaini ilinipita, sikuwepo. Nilisikia kila kitu njiani, kutoka kwa watu, kabla sijafika nyumbani. Baba nilimkuta shambani, miche hii bado inafika magotini, anapalilia. Nilisimama nyuma yake nikamwuliza: "Baba, ni kweli?" Akaacha jembe. Akaniangalia. Akasema, "Umechoka na safari. Nenda ukale." Akarudi kupalilia. Sikuuliza tena. Sijawahi kumwambia mtu kwamba niliuliza, wala kuliandika.

Leo nimemwambia Hashimu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanisogezea bakuli la maji ninawe.

Tukala.

Alasiri tulikwenda kaburini, sisi wawili tu. Majani yamepanda. Nikasoma Fatiha. Kisha Hashimu akaanza kung'oa upande wa kichwani, mimi upande wa miguuni, tukakutana katikati.